Myunani wa Singe

Siku hizi wajukuu wananitumia maneno ya busara kwenye simu kila asubuhi. Yanakuja na picha ya ua au jua linalochomoza, na chini yake jina la mtu mkubwa: mfalme fulani, mwanasayansi, rais wa nchi ya mbali. Nikiwauliza, "Alisema lini? Alikuwa anamwambia nani?" wananijibu, "Bibi nawe!" Basi nafunga mdomo. Lakini siyaamini. Sina elimu kubwa ya kunifanya niyatilie shaka. Nina sababu moja tu, nayo ni mama yangu, ambaye kwa wiki tatu nzima, hapa hapa Babati, aliwahi kuwa mwanafalsafa wa Kiyunani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita ilikuwa imekwisha na madukani hakuna kitu. Nikiwaambia vijana kwamba tulifua nguo kwa majani ya mpapai wanadhani natia chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta! Sabuni ilikuja kwa bahati, sukari ilikuja kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, na ule unga wa njano, unga wa yanga, tuliula huku tukiusema vibaya. Bidhaa zikifika duka la ushirika pale mjini, habari ilitangulia kufika kijijini kwetu Singe kabla gari halijamaliza kushusha mzigo, na wanawake walishaondoka na vikapu vyao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Ndio sisi tuliotoka darasa la saba tukafunzwa ualimu huku tunafundisha, kwa sababu watoto walikuwa wengi na walimu hawatoshi. Wenzetu waliopitia chuo walisema herufi zile maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na walilisema hilo tukiwa tumekaa nao meza moja. Nilikuwa na miaka ishirini na hasira za karibu. Nilibakiza hatua mbili tu nithibitishwe kuwa mwalimu wa Daraja la Tatu C: Mwalimu Mkuu aandike maoni yake kwenye fomu yangu, na mkaguzi kutoka Arusha, maana wakati ule sisi tulikuwa mkoa wa Arusha, aje anione nafundisha kisha aweke sahihi. Bila sahihi ile ningerudi kupalilia maharage ya mama. Sisemi kupalilia ni aibu. Nilikuwa nimeyapalilia tangu utoto, na nilipenda chaki kuliko jembe.

Mama alizaliwa kule juu Mbulu, akaletwa Singe kuolewa. Kiingereza hakukijua, Kiiraqw ndicho alichokiota, na Kiswahili alikipata ukubwani, akakitumia kama mtu anayetumia shoka la kuazima. Ngeli alizipuuza kabisa. Kila kitu kwake kilikuwa "yangu" au "yake": kisu yangu, kiti yake, kikapu yangu. Nyumbani tulimcheka, tukazoea, mwisho hata masikio yetu yakaacha kusikia.

Siku ya maneno yenyewe nilikuwepo. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamefika. Mama alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, nami nilimfuata baada ya vipindi nimshikie nafasi apumzishe miguu. Mbele kabisa alisimama mwanamke mmoja wa Maisaka, ana mtoto mgongoni na kikapu kikubwa mkononi. Ukubwa wa kikapu kile ndio ulioanzisha maneno. Nyuma yetu mtu akasema, "Yule kila siku yuko mbele." Mwingine akasema, "Anakwenda kuuza." Kisha likatamkwa neno ambalo miaka ile lilikuwa la kutisha, mlanguzi, na likatamkwa tena kwa sauti zaidi, mpaka mwanaume mmoja akatoka nyuma akaushika mkono wa kikapu akaanza kuuvuta. Mtoto akaamka akalia. Yule mwanamke alimbembeleza kwa mkono mmoja, kwa mwingine akakishikilia kikapu.

Mama yangu si mtu wa kupaza sauti. Hata kanisani aliimba kama anayejiimbia mwenyewe. Lakini alitoka kwenye nafasi yake, akaenda mbele, akakichukua kile kikapu, akakigeuza juu chini mbele ya watu wote na kukitikisa. Hakikudondoka kitu. Akawatazama walio nyuma, akasema:

"Yule wa mbele naye kikapu yake tupu."

Basi. Mtu mmoja akacheka, si kwa dharau, na yule mwanaume akarudi nyuma akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Foleni ikatulia. Ila mama alikuwa ameshatoka kwenye nafasi yake, na alikataa nisogee nimpishe kwa sababu, alisema, watu wangeona amefanya hivyo ili apite. Akanivuta nami nitoke, akaenda kusimama mwisho. Mafuta yakaisha watu kumi hivi mbele yake. Tulirudi Singe mikono mitupu, tukala mboga ya kuchemsha, na mimi nilinuna njia nzima. Kwa hiyo naomba mtu asiniambie maneno ni bure. Yale tuliyalipia kwa mafuta.

Sasa nije kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa mtu mwema, mkali, aliyevaa tai hata siku ya kulima shamba la shule. Aliwahi kutembea kijiji hadi kijiji kutafuta boksi moja la chaki, akarudi nalo kichwani. Alipenda vitu viwili duniani: Kiswahili sanifu na maneno ya watu wakubwa. Mtoto akisema "kitabu yangu" alimtoa nje akaandike "kitabu changu" mara mia moja ardhini kwa kijiti, kwa kuwa madaftari hayakuwepo. Na maneno ya wakubwa aliyanakili kwenye kidaftari chake cheusi, kila moja na jina la mwenyewe. Kwake neno lilikuwa kama ng'ombe. Lisilo na alama ya mwenyewe hakuliamini.

Tulipoambiwa mkaguzi anakuja, alipata kopo la rangi ya bluu, nadhani ndilo pekee lililobaki Babati, akamwita fundi wa kuandika mabango. Ukuta unaotazama uwanja wa mstarini ukaandikwa maneno sita ya watu sita. Matano sitayarudia hapa. Kwa miaka iliyofuata nimekutana na mawili kati yake, moja kwenye kalenda ya ukutani bila jina lolote, lingine likiwa limepewa mtu tofauti kabisa, wa bara lingine na karne nyingine. Wakati ule hatukujua. Tulisimama Jumatatu asubuhi mstarini, watoto wakaamriwa wasome kwa pamoja, wakashuka moja baada ya jingine mpaka la mwisho:

"YULE WA MBELE NAYE KIKAPU YAKE TUPU. MWANAFALSAFA MYUNANI."

Nilicheka. Nakiri, nilicheka vibaya, mbele ya shule nzima, nikaziba mdomo na kicheko kikatokea puani.

Ofisini Mwalimu Mkuu aliniuliza kilichonifurahisha. Nikasema, "Samahani Mwalimu Mkuu. Yale maneno ya sita ni ya mama yangu." Walimu walioketi pale walipasuka. Mmoja akasema UPE sasa wameanza kuzaliwa na wanafalsafa. Mwingine akauliza kama baba naye ni Mrumi. Mwalimu Mkuu hakucheka. Aliniuliza kama nina ushahidi, nikasema ushahidi ni ngeli: Myunani gani anasema kikapu yake? Hapo nilimgusa pabaya, maana hata yeye ilimsumbua. Akajikohoza, akasema ile ni tafsiri ya zamani, na tafsiri ya zamani haiguswi, na wanafalsafa wana ruhusa ambayo watoto wa darasa la sita hawana. Kisha akatoa amri. Siku ya mkaguzi nitafundisha Kiswahili darasa la sita, na somo litakuwa maneno yale na mwenyewe, kama yalivyoandikwa ukutani. Nikifanya hivyo ataandika maoni mazuri. Nikileta habari za mama, hataandika kitu.

Mchana ule nilimkuta mama uani anachambua maharage, nikamweleza yote kwa hasira. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Huyo Myunani ni mtu wa wapi?" akauliza.

"Ulaya, mama. Alikufa zamani sana."

"Basi mwachie. Mimi nina mengine."

"Mama! Wamekuibia."

"Wewe, usigombane na wakubwa kwa ajili ya maneno. Chukua cheti yako, urudi hapa mwalimu kamili. Mtu amekufa, utamnyang'anya?"

Nikalia pale pale, kwa hasira, machozi yakaingia kwenye maharage. Nililia kwa sababu ningeweza kumwachia Myunani maneno, lakini sikuweza kumwachia ile siku. Nilimwona mama akitembea kwenda mwisho wa foleni. Nani mwingine atakayejua, kama ukuta wa shule unasema ni mzee mmoja wa Ulaya? Wiki tatu nilisikia watoto wakiyasoma kila asubuhi, na kila asubuhi nilijiambia nitanyamaza, nina fomu, nina akili timamu.

Mkaguzi alikuja. Mzee mwembamba, mpole, mwenye miwani, akakaa nyuma ya darasa karibu na Mwalimu Mkuu, fomu yangu juu ya goti lake. Nje, fundi alikuwa anamalizia namba kwenye milango ya madarasa kwa heshima ya mgeni. Niliandika ubaoni yale maneno ya sita, bila jina chini yake. Nikawaambia watoto wasome. Walisoma, na kwa mazoea wakamalizia kwa sauti moja, "Mwanafalsafa Myunani!"

"Nimeandika Myunani hapa?"

"Hapana, mwalimu."

"Someni kilichoandikwa."

Wakasoma. Nikapiga moyo konde nikauliza, "Nani anaona kosa?"

Hakuna mkono ulioinuka. Walijua kosa lilipo, wote walijua, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vimeota sugu kwa kuandika ardhini. Lakini walikuwa wameambiwa mtu mkubwa hakosei. Walimtazama Mwalimu Mkuu, wakanitazama mimi. Nilisubiri. Mwishowe msichana wa dawati la mbele akasimama, akasema kwa woga, "Kikapu chake, mwalimu." Na kabla hajakaa mwingine akadaka, "Kikapu chake kitupu!"

"Sawa kabisa. Sasa niambieni, mmewahi kumsikia nani akisema 'kikapu yake'?"

Mikono yote ikaruka juu. "Bibi!" "Mama!" "Bibi mzaa baba!" "Baba akikasirika!" Mmoja akasema padri, wakamcheka.

"Na bibi zenu ni Wayunani?"

Darasa lilivunjika. Hata leo nikikumbuka kile kicheko nasikia raha mwilini. Nilipowatuliza niliwasimulia siku ya mafuta kama ilivyokuwa: mtoto akilia mgongoni, kikapu kikigeuzwa, mama akienda kusimama mwisho. "Aliyesema ni mama yangu," nikasema. "Anakaa Singe. Yuko hai." Nikaweka chaki chini. Nilijua nimeshaitupa fomu yangu, na ajabu ni kwamba sikujuta hata chembe.

Mkaguzi akamgeukia mwenzake. "Mwalimu Mkuu, haya umeyatoa kitabu gani?"

Mwalimu Mkuu alifungua kidaftari cheusi. Alipindua kurasa tano, na ya sita haikuwa na kitu. Namsifu kwa hili: hakutunga. Alisema, "Haya ya mwisho nilipewa na fundi."

Fundi akaitwa, akaingia na brashi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Maneno haya ulimsikia nani?"

"Mama mmoja, kwenye foleni ya mafuta. Nilikuwa nyuma yake watu watatu. Jina lake silijui, ila alikigeuza kikapu cha watu juu chini."

"Sasa Myunani ametoka wapi?"

Fundi alitazama brashi yake. "Mzee, nafasi ya sita ilikuwa wazi, na Mwalimu Mkuu ameishiwa. Nikamtajia haya, akayapenda sana. Akaniuliza, nani kasema? Nikaona nikimwambia ni mama wa foleni atasema nifute, na rangi ilikuwa inakauka kwenye kopo. Jumapili padri alikuwa amewataja Wayunani. Nikasema Myunani."

"Na hii 'kikapu yake'?"

"Ndivyo alivyosema yule mama. Mimi naandika nilichosikia."

Nimemfikiria sana yule fundi katika maisha yangu. Alidanganya jina, lakini maneno hakuyagusa hata herufi moja. Wanaonitumia ujumbe siku hizi wengi wao wanakosea yote mawili.

Mkaguzi alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha tukatoka wote mpaka ukutani, watoto nyuma yetu bila kuruhusiwa. Mwalimu Mkuu, uso umemshuka, akamwambia fundi afute Myunani mara moja. "Na hapo hapo," akaongeza, "usahihishe. Kikapu chake kitupu. Hatuwezi kuacha makosa ukutani."

Damu ikanipanda. Nilikuwa nimeshinda tayari, mtu mwenye busara angeenda kunywa maji. "Mwalimu Mkuu," nikasema, "wiki tatu makosa hayo yalikuwa tafsiri ya zamani isiyoguswa. Myunani aliruhusiwa kukosea. Mama yangu haruhusiwi?"

Mkaguzi ndiye aliyenigeukia, akaniuliza bila kejeli: "Wewe mwalimu wa Kiswahili unataka kosa libaki mbele ya watoto?"

"Watoto wamelisahihisha wenyewe, umewasikia. Hawatadanganyika. Lakini mzee, kosa lile ndilo sahihi yake. Hana nyingine. Likifutwa hilo, hata malkia wa Uingereza anaweza kuja kudai maneno ni yake."

Mzee yule alicheka mpaka akashika ukuta. Akaiweka fomu yangu juu ya kopo la rangi lililofunikwa, akatoa kalamu mfukoni, akatia sahihi. "Haya," akasema. "Ya kwako hiyo. Na ya mama ibaki ilivyo." Mwalimu Mkuu aliandika maoni yake jioni ile ile, mstari mmoja tu ambao ninao hadi leo: Mkaidi. Anafundisha vizuri sana. Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba njiani, mtu mzima mimi, waliokutana nami walidhani nimelewa.

Lakini kabla sijaondoka kulikuwa na swali moja. Fundi alishafuta Myunani kwa kitambaa na chokaa, akasimama na brashi. "Niandike nani?"

Nikafungua kinywa niseme Mama Fulani, jina la kaka yangu, kifungua mimba, kama alivyoitwa na Singe nzima. Nikajizuia. Kaka yangu hakuwepo kwenye foleni ile. Alikuwa Arusha mjini anatafuta kazi. Likiandikwa jina lake, si tumemtoa Myunani tukamweka mwingine? Ilinibidi nifikiri ndipo nilikumbuke jina la mama yangu mzazi. Baba alimwita mama watoto. Majirani walimwita kwa jina la kaka. Jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye cheti cha ubatizo na kwenye orodha ya sukari ya balozi, basi. Nikalitaja, la ubatizo na lile alilopewa na baba yake kule Mbulu, na fundi akayaandika yote mawili kwa rangi iliyobaki. Ilikuwa imechanganywa maji, herufi zikatoka hafifu kuliko za wale watano.

Mama alikataa kuja kuona. Alisema ana maharage, ana mgeni, mguu unamuuma. Ijumaa nikamkuta amevaa khanga zake za kanisani, akaniambia anapita tu njiani kwenda mashineni kusaga.

Tulifika saa ya mapumziko. Watoto wakamzunguka wakapaza, "Shikamoo mama!" na hakuwaitikia, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tena. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na alisoma kwa kidole. Akainua kidole hewani kuelekea ukutani. Yule. Wa. Mbele. Alipita kwenye "kikapu yake" bila kujikwaa. Akashuka mstari wa chini, kidole kikasimama.

Midomo ilisogea bila sauti. Jina lile alizoea kusomewa na mtu mwingine, haraka, siku sukari ikigawiwa, na akichelewa kuitikia linarukwa. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini na tai yake, akasimama pembeni kwa adabu, mikono nyuma.

Mama akalisoma jina lake kwa sauti ya kawaida yake, ile ya kanisani. Akapumua. Akalisoma tena, lote, la ubatizo na la baba yake, kwa sauti ambayo sikujua anayo, iliyofika mpaka madarasa ya mwisho. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu.

"Huyu," akasema, "ni mimi."